Koki Niliyoona Haina Kazi

Habari hii inanionyesha mjinga, na naisimulia mwenyewe kwa sababu mke wangu akiisimulia anaongeza chumvi.

Tulikuwa tumepanga Kizwite, vyumba viwili na jiko lenye sinki. Hilo sinki lilikuwa fahari yangu. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, miezi saba, na mama yake akapanda gari kutoka Matai kuja kumchukua akazalie kwao. Mimi nilitaka azalie mjini, hospitali ipo karibu na mimi nipo. Mama mkwe hakubisha. Alisema atakaa siku mbili aone mwanawe anaishije. Nikajua huo ni usaili.

Na bomba chini ya sinki lilikuwa linavuja. Tangu afike, tone, tone, kwenye ndoo. Kesho yake akamuuliza mwanawe ile ndoo ni ya nini. Nikadakia kwamba namaliza leo leo, kazi ya dakika kumi. Fundi wa nini? Nilishawahi kumshikia fundi spana, nikajiona nimehitimu.

Mke wangu akaenda kliniki. Mama mkwe akakaa nje kuota jua, anachambua maharage, pembeni kabisa ya koki ya mita, ile inayofunga maji ya nyumba nzima. Nikafungua bomba la sinki: kavu. Mgao. Nikafurahi. Maji yamekatika yenyewe, koki niifunge ya nini?

Nikajipenyeza chini ya sinki, nikalegeza nati, nikang'oa mpira unaopandisha maji. Nikawa nazungusha tepu nyeupe huku napiga mluzi. Halafu bomba likakohoa.

Kila mtu mtaani kwetu anakijua hicho kikohozi. Hewa imetangulia, maji yako nyuma yake.

Yakanipiga usoni. Nikaziba kwa dole gumba, yakatokea pembeni. Sakafu yetu imeinama kidogo kuelekea mlangoni, na mlangoni ndipo kilipokaa kiroba cha unga wa ulezi, mama mkwe ameusagisha mwenyewe na kuubeba kutoka Matai, wa uji wa mwanawe. Nikiachia dole nikimbilie kiroba, jiko linajaa. Nisipoachia, maji yanakifikia polepole huku nayaangalia.

Mtu wa kufunga koki alikuwa mmoja tu, na mkwe haamrishwi. Mimi hata kumwita kwa sauti sikuwahi, nikiwa na neno nalipitisha kwa mke wangu. Nikaanza kwa adabu, mama samahani, nilikuwa naomba. Akajibu bila haraka nimalize kazi kwanza, yeye yupo tu. Nikajaribu tena, kama hataona vibaya, ile koki. Akauliza kofia gani, mbona ninayo kichwani.

Maji yakagusa kona ya kiroba. Nikamwona mke wangu kwenye gari la Matai, dirishani, ananipungia mkono. Adabu ikaniishia. Nikapayuka kama kondakta wa stendi:

"Funga koki, wewe mama!"

Nje nikasikia koki inazungushwa. Kisha maji yakapungua, yakakata.

Aliingia na maharage bado kwenye kanga. Hakunitazama. Akanyanyua kiroba, akamimina unga mkavu kwenye beseni, ule uliolowa akautenga sufuriani. Mimi nimekaa kwenye maji, tepu mkononi, uso sijui niuweke wapi. Nikamwomba msamaha nikiangalia magoti yangu. Akasema nilete mkaa.

Mke wangu aliporudi alikuta mama yake anakoroga uji wa ule unga uliolowa, mimi nakamua matambara. Akatutazama wote wawili, akamwelewa mama yake kuliko mimi, akauliza kwa sauti ndogo kama afungashe.

Mama mkwe akaonja uji kwanza.

"Usifungashe. Nakaa mimi hapa mpaka uzae," akasema, akanielekezea mwiko. "Nikikuchukua wewe, huyu mtoto mwingine nitamwacha na nani?"