Foleni Nyuma ya Kapita

Nikisikia mtu anasema neno delege, nasikia kichefuchefu. Si hasira. Hasira naijua vizuri, mimi ni mtu wa hasira tangu utotoni na majirani zangu wa Kamembe watawaambia. Hiki ni kichefuchefu cha kweli, cha tumboni.

Nilikuwa nachagua kahawa katika hangari moja huku kwetu Rusizi. Unakaa mezani, kahawa kavu inamwagwa mbele yako, unatoa punje nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Tulikuwa wanawake pekee, na sote tulikuwa nyakabyizi, yaani vibarua wa siku: leo unaitwa, kesho huitwi. Juu yetu alikuwapo kapita, msimamizi, mwanamume wa filimbi shingoni. Aliipuliza hata kumwita mtu aliyekaa mbele ya pua yake.

Mwenzangu wa mezani alikuwa mama kijana wa Giheke, mwenye mtoto wa miezi mitatu. Kila mchana mama mkwe wake alimleta mtoto mgongoni mpaka getini, na mtoto alilia hapohapo getini, maana mama hakuruhusiwa kutoka. Mtoto akilia, blauzi ya mwenzangu inalowa pande zote mbili, naye anaendelea kutoa punje mbovu kana kwamba ni blauzi ya mtu mwingine.

Sheria inampa mama anayenyonyesha saa moja ya kunyonyesha kila siku ya kazi. Akaenda kumwomba patron, mwenye hangari, nami nikamsindikiza.

"Papa, mutoto analia pale ku geti. Unipatie nafasi kidogo ninyonyeshe, nitarudia mbio."

Patron alikuwa anakula sambaza za kukaanga, visamaki vya ziwani. Hakuacha kula.

"Iyo saa ni ya bale benye kontra," akasema, yaani mkataba, ambao sisi vibarua hatukuwa nao. "Na musinichokeshe. Niko nawaza kuleta mashini ya kuchagua kahawa. Mashini haina maziba."

Akacheka, akaitazama blauzi iliyolowa, akalamba vidole. Vile vidole vyenye mafuta naviona mpaka leo.

Siku chache baadaye tukaambiwa kutakuwa na uchaguzi wa delege, mwakilishi wa wafanyakazi. Msidhani patron alipata huruma. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wanakuja, na hawakutaka kahawa ya mahali ambapo wafanyakazi hawana wa kuwasemea. Sisi tukafurahi kama wajinga. Tukanong'onezana mezani: tumchague mama wa Giheke, aidai ile saa kwa ajili ya kila mwenye mtoto. Wote waliitikia. Wengine waliitikia kwa kiapo.

Siku yenyewe patron akamtangaza mgombea wa pili, naye ni kapita! Msimamizi wetu ndiye atutetee dhidi ya msimamizi wetu. Kura ilipigwa kama tunavyomchagua mkuu wa mudugudu, yaani kijiji: wagombea wanasimama, watu wanapanga foleni nyuma ya wanayemtaka. Wagombea wakageuzwa kuelekea ukutani wasione nani yuko nyuma ya nani. Kura ni siri, patron akasema. Yeye mwenyewe akavuta kiti, akakaa anatutazama usoni mmoja mmoja.

Wa kwanza akaenda nyuma ya kapita. Wa pili akamfuata, kisha wote, kama mbuzi wanaofunguliwa zizi. Mmoja wao alikuwa na mimba iliyofika kwenye pua, naye alipita mbele ya kile kiti akitabasamu. Nyuma ya mama wa Giheke nilisimama mimi. Aliniuliza kwa sauti ndogo, macho ukutani:

"Maman, tuko bengi?"

"Niko miye," nikamjibu.

Delege mpya akageuka, akapuliza filimbi, akamshukuru patron kwa niaba yetu. Ombi lake la kwanza, kwa jina la wafanyakazi, lilikuwa kwamba watoto wasiletwe tena getini, kwa sababu kilio chao kinachelewesha kazi. Patron akakubali palepale. Tukagawiwa Fanta, na wenzangu wakapiga makofi chupa zikiwa kwapani. Yangu sikuigusa. Nilitamani kuwatapikia wote miguuni, na sioni aibu kuandika hivyo. Njaa naijua, kodi ya nyumba naijua, kila sababu waliyokuwa nayo ninayo mimi pia. Kuzijua hakukunituliza tumbo.

Kesho yake mwenzangu alikaa mezani wima kuliko kawaida, anapumua kwa shida. Alipoinama kuvuta kahawa nikaona, chini ya blauzi, kitambaa alichojifunga kifuani, kimekazwa mpaka kimeingia kwenye nyama. Kwetu mwanamke hujifunga hivyo ili maziwa yakauke, mtoto wake akifa. 

"Mutoto?" nikamuuliza.

"Mutoto iko," akasema. "Iko ku nyumba, analia."