Mama Macho na Nyota ya Binti Yake

Majirani walimwita Mama Macho, na hawakumwonea. Alikuwa mtu wa kupima homa kwa kiganja hata watoto walipokuwa wazima. Kwa hiyo binti yake, mtafiti wa nyota chuoni, alipoacha kula kwa wasiwasi, mama alimfuata hadi kazini na chakula mkononi.

"Nyota yenyewe iko wapi?" aliuliza, akiikodolea macho skrini.

"Haionekani, mama. Tunaona mstari huu tu wa mwanga wake. Darubini iliyoko angani ndiyo inatuletea." Akamweleza: nyota iliyokufa inainyonya nyota jirani gesi yake. Gesi haidondoki moja kwa moja. Huizunguka nyota hiyo iliyokufa kama maji kwenye tundu la sinki, ikatandaa kama sahani. Sahani ikijaa, gesi husuguana kwa nguvu na kuwaka ghafla. "Nilisema itawaka wiki hii. Isipowaka kabla ya saa sita mchana, darubini wanageuziwa wenzetu, na utafiti wangu ndio basi tena."

"Kumbe kama maziwa jikoni! Geuka tu, yamefoka."

Binti akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, akaenda kumbembeleza Profesa, mkuu wake, amwongezee muda. "Mama, usiguse kitu!"

Lakini meza ilikuwa na vumbi, na mkono wa mama haujui kukaa bure. Akapitisha kitambaa juu ya vitufe vya kompyuta, kidogo tu. Mara mstari ukaanza kupanda. Ukapanda, ukapanda! Maskini, roho ikamruka. Alitoka mbio hadi ofisi ya Profesa, kiatu kimoja kikibaki njiani.

"Mwanangu, nimekuharibia mashine! Nimefuta vumbi, mstari umekimbilia juu!"

Binti na Profesa wakatazamana, kisha wakatimka, tumbo la Profesa likitangulia.

Profesa akainamia skrini. "Vumbi haliwashi nyota, mama," alisema. "Sahani imeshika moto!" Akanyakua simu. "Darubini isiguswe! Iacheni papo hapo!"

Binti alimrukia mama shingoni, analia, anacheka.

"Kwa hiyo sijaharibu?"

"Wala! Tazama, bado inapanda!"

Mama akavuta kiti, akaikalia mikono yake yote miwili. "Haya, nendeni mkapige hesabu zenu. Mimi hapa sibanduki, wala sipepesi macho."