Mateka Matangani

Mwili wa mshirika wa kaka yangu uliletwa kijijini kwetu Mollo juu ya magunia ya dagaa. Dereva wa lori alisema hakuwa na nafasi nyingine. Damu ilikuwa imepenya mpaka gunia la chini, na wanawake waliotoka kumpokea walisimama kwanza wakilitazama gunia lile kabla hawajathubutu kumtazama yeye. Risasi ilikuwa imeingilia shingoni. Mama yangu ndiye aliyemfunga kidevu kwa kitambaa chake cha kichwani, kisha akamwuliza dereva, "Na wangu yuko wapi?"

"Wako wamemchukua, mama. Wameondoka naye na mtumbwi."

Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu anauza kitu. Kaka na mshirika wake walishusha mahindi Kirando, wakapandisha dagaa na vitenge vilivyovushwa kutoka ng'ambo, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Huko ng'ambo, katika nchi jirani, kulikuwa na vita, na watu wenye bunduki, baadhi yao askari wa huko, walikuwa wameanza kuvuka ziwa kuja kupora injini za mitumbwi. Siku hiyo waliwakuta hao wawili wanapakia. Mmoja wakampiga risasi kwa sababu aling'ang'ania injini. Kaka wakamtia mtumbwini auendeshe. Katika kukimbia walimwacha mwenzao mmoja, kijana aliyeteleza majini, na wavuvi wakampiga kwa makasia mpaka polisi wakaja kumchukua. Akapandishwa Sumbawanga mjini na kuwekwa mahabusu.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nalima na mama, mahindi na ulezi. Nilikuwa mtu wa kunyamaza. Wageni wakija nilijibu salamu nikiwa nimeuelekea ukuta, na hata dukani nilionyesha kwa kidole. Kaka ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Tangu achukuliwe, mama alinituma kituo cha polisi kuulizia habari, na mara nyingi nilisimama mbele ya kaunta, nikasikiliza wengine wakiuliza, nikarudi.

Mjini hali ilichafuka. Fundi cherehani mmoja aliyezaliwa ng'ambo, aliyeshona sare za shule miaka mingi, alitolewa barazani kwake akapigwa mbele ya watoto aliowashonea. Cherehani yake ilitupwa mtaroni. Nilipita asubuhi nikaona meno yake mawili kwenye vumbi, na kuku mmoja anayadonoa. Hakuna aliyeyaokota. Mimi pia sikuyaokota.

Kisha redio ikatangaza kwamba umoja wa nchi za kanda yetu umekubaliana na nchi ile jirani kushirikiana. Watalinda ziwa pamoja, na kila upande utarudisha watu wa mwenzake unaowashikilia. Mama aliizima redio, akakaa.

"Wana huyu mmoja wetu," alisema, "na sisi tuna huyu mmoja wao."

"Kwa hiyo?" nilimwuliza.

"Kwa hiyo yule mwizi inabidi afike ziwani mzima. Akifa huyu, kaka yako hutamwona."

Tangu siku hiyo tulimwombea mwizi. Mama alimtaja kanisani, kimoyomoyo, asije akasikiwa na mjane wa marehemu aliyekaa benchi la mbele.

Siku ya makabidhiano iliangukia siku ya kumaliza matanga ya marehemu. Waliopanga tarehe hawakujua. Ilikubaliwa kwamba gari la serikali litoke mjini na mateka, lipitie Mollo kutuchukua mimi na mama, halafu literemke Kirando. Tulikuwa tumevaa tayari, tumekaa mwisho wa uwanja wa msiba, kapu letu la viazi miguuni.

Uwanja ulikuwa umejaa. Pombe ya ulezi ilikuwa ya kutosha, na watani walikuwa kazini. Watani wetu sisi Wafipa hapo ni Wasukuma, wale waliohamia na ng'ombe zao kutoka kaskazini. Kwenye msiba wetu mtani hana adabu na hatakiwi kuwa nayo. Anamwigiza marehemu, anatukana wafiwa, anaweza kuingia kaburini akalala na kusema hatoki mpaka apewe chake. Anapewa, ndipo mazishi yanaendelea. Na hata akufanyie nini, mtani hapigwi.

Mtani mkuu siku hiyo alikuwa mama mmoja jirani yetu, mrefu, mwenye ng'ombe wengi kuliko Wafipa wote wa kitongoji. Alikuwa amevaa koti la marehemu, lile la kahawia alilozoea kwenda nalo Kirando, na alitembea kama yeye, bega moja juu.

"Nyie Wafipa," alisema, "mnalia nini? Nilipokuwa hai mlininyima hata chumvi. Mke wangu yuko wapi? Mbona umenenepa, wewe? Umeshapata mwingine?"

Mjane alicheka, kwa mara ya kwanza tangu lori lile. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Gari likafika wakati huo. Alishuka afisa wa mkoa, na mjumbe wa ule umoja, mtu wa makamo kutoka nchi ya kusini, mwenye Kiswahili cha kujifunza. Alisikia kicheko, akaona watu wanakunywa, akauliza ni sherehe gani. Afisa akamweleza ni matanga, na ya nani. Mjumbe akafikiri kidogo. Alikuwa mtu mwema, hilo nalisema mpaka leo.

"Basi ni vizuri," alisema. "Kijana ashuke. Aombe radhi kwa familia. Amani ya mkataba bila amani ya watu haina miguu."

"Mheshimiwa, tuwachukue hawa wawili tuondoke," afisa alisema.

"Dakika chache tu."

Mama alinishika mkono. "Mwambie hapana," alininong'oneza. "Wewe una shule. Mwambie." Nilisimama. Mdomo wangu ulifunguka na hakikutoka kitu.

Wakamfungua pingu na kumshusha. Alikuwa kijana wa umri wa kaka, kichwa kimenyolewa, makovu ya makasia bado mekundu. Askari wawili walibaki karibu na gari. Akaenda mpaka mbele ya wazee, na hapo akafanya jambo ambalo nadhani alilifikiria njia nzima, akitaka kuonyesha heshima. Alichuchumaa, akainamisha kichwa, akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kama tunavyowaamkia wakubwa sisi Wafipa. Akafuatisha salamu ya Kifipa, yote, bila kukosea.

Kama angesema shikamoo kama mgeni yeyote, huenda wangemsikiliza. Lakini mgeni hajui kupiga makofi yale. Lazima uwe umekaa na watu, umekula kwao, umefundishwa na mama wa mtu.

"Huyu anatujua," alisema mzee mmoja polepole.

"Amekaa kwetu," mwingine akadakia. "Amekula kwetu huyu, halafu akaja na bunduki."

Mdogo wake marehemu alikuwa ameshika mpini wa jembe. Alimpiga yule kijana akiwa bado amechuchumaa, viganja vyake bado vimekutana, na mpini ukamwingia kwenye jicho. Nilisikia mlio wa pigo lile, ulikuwa mdogo, kama yai likigongwa. Kisha walikwenda wote. Vigoda, kuni, mtungi wa pombe, viatu. Askari mmoja alisukumwa akaanguka, mwingine alifyatua risasi juu, na hakuna aliyegeuza kichwa. Mjumbe alikuwa akisema, "Jamani, jamani," kwa lafudhi yake, mpaka mtu akamsukuma akakaa chini. Mama alikuwa amepiga magoti anasema jina la kaka, si la Mungu.

Sikuweza kupiga kelele. Lakini miguu yangu ilikuwa inafanya kazi. Nilimkimbilia yule mtani, nikamvuta koti.

"Mlalie," nilisema.

"Nini?"

"Mlalie kama kaburini. Wewe hawatakupiga. Akifa huyu, kaka harudi."

Alinitazama kana kwamba hakuwahi kuisikia sauti yangu, na huenda ni kweli. Kisha akaingia kati ya watu kwa viwiko, akajitupa juu ya kijana akiwa na koti lile, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

"Silipwi?" alisema kwa sauti ya kilevi ya marehemu. "Wafipa wachoyo. Hamjanilipa matanga yangu, mnaua mwingine. Simtoki huyu. Leteni jogoo. Leteni mtungi. Simtoki."

Waliokuwa mbele walisita. Mmoja alicheka bila kutaka, akafuta damu usoni kwa mkono. Lakini mpini wa mdogo wa marehemu ulikuwa tayari angani, naye hakuuzuia. Uliangukia mkono wa mtani, ukavunjika mkono, si mpini. Yeye hakulia. Aliinua ule mkono mwingine akalishika koti.

"Umempiga kaka yako," alimwambia.

Yule kijana wa mpini alilitazama koti. Akaurudisha mpini chini taratibu kama mtu anayeweka mtoto. Wazee wakaanza kusema kwa pamoja kwamba mtani amepigwa, mtani amepigwa matangani, na aibu hiyo ikawa kubwa kuliko hasira. Waliokuwa na vigoda wakaviweka chini wakavikalia. Afisa na askari wakamburuta mateka mpaka garini. Jogoo aliletwa kweli. Mtani alikataa kupanda gari la serikali kwenda hospitali, alisema atasubiri ng'ombe zake warudi kwanza.

Njia yote, kupitia Namanyere na kwenye mteremko wa kwenda ziwani, kichwa cha yule kijana kilikuwa kwenye paja la mama yangu. Jicho moja halikuwepo tena. Mama alimnywesha maji kwa kifuniko cha chupa na kumwambia kila gari liliporuka, "Usife. Ukishavuka ufe ukitaka, si sasa." Mjumbe alikaa mbele, shati lina vumbi mgongoni, hakugeuka.

Kirando, maafisa wa ng'ambo walikuwa wameshafika na boti yenye bendera mbili. Afisa wao alimwinua kijana kidevu, akalitazama jicho, akawatazama wetu. Nilijua kwamba sasa ataingia botini aondoke na kaka. Mjumbe akasogea. Hakusingizia wavuvi wala njia mbaya. Alisema, "Mimi ndiye niliyemshusha garini kwa waliofiwa. Kosa ni langu, si la nchi hii." Yule afisa alitazama maji. Kisha akainua mkono, na askari wao wakaanza kuteremka kutoka botini, na wa mwisho kushuka alikuwa kaka yangu.

Alikuwa amekonda. Viganja vyake vilikuwa na alama za kamba, na alitembea akiegemea upande mmoja. Walipishana kwenye mchanga, yeye akija na yule akienda. Kaka alimtambua. Alisimama, akakunja ngumi, akaivuta nyuma mpaka begani, na yule kijana akafumba jicho lake moja akangoja.

Nilikuwa nimeshafika. Nilimshika kaka kiwiko.

"Ameshapigwa," nilisema, na nilisema kwa nguvu, watu wa boti wakasikia. "Kaka, tumeshampiga sisi."

Kaka akaushusha mkono, akatema mate majini, akamtazama mama, akauliza kama kuna chochote cha kula.