Mel

Juzi nilipita sokoni Isevya, mama mmoja akanifungulia chupa ya asali ninuse. Ile harufu kidogo ya moshi iliyokuwa ndani yake ilinirudisha Ulyankulu, uani kwa babu, nikabaki nimesimama pale na watu wakinipita.

Babu alisoma seminari kwao Burundi kabla ya kukimbia vita. Upadri hakuufikia, huku kwetu akawa mkulima na mrina asali. Jioni akirudi porini na ndoo ya masega, wajukuu tulimzunguka, bibi akifukuza nyuki kwa kanga. Mimi alinidondoshea asali kiganjani, ila kulamba mpaka nijibu.

"Warumi waliitaje?"

"Mel, babu."

"Na watoto wake?"

Nilitaja: kwa Wafaransa miel, kwa Waitalia miele, Wareno wamebaki na mel.

"Tumbo moja hao," alisema. "Wametawanyika, lakini ukiwasikiliza unawajua."

Kisha aliniruhusu kulamba. Ndugu zake pia walitawanyika, na aliyejulikana alipo ni mmoja tu, mdogo wake wa Ubelgiji.

Nilipokuwa darasa la sita babu alipooza upande mmoja. Kiswahili kikamtoka, Kirundi nacho kikamtoka. Lilibaki neno moja, mel. Mama alidhani anaita mtu. Nikamwambia ni asali, nikamlisha babu kwa kijiko. Akameza, akaendelea kuniangalia, akasema tena, "Mel." Nikaelewa kwamba ananingoja. Nikawataja watoto wote, taratibu, na machozi yakamshuka kwenye shavu lililokuwa zima.

Mdogo wake alipopiga simu, nilimshikia babu sikioni. Yule mzee aliongea Kirundi kwa muda mrefu. Babu akajibu, "Mel." Nikasikia mtu mzima analia upande wa pili wa simu. Bibi aliniambia baadaye kwamba utotoni ndugu hao walikuwa wakirina asali pamoja.

Tulimzika kabla ya msimu wa asali. Mdogo wake hakuweza kuja.

Sasa miti ya miombo kule porini alikorina babu imekwisha kwa kukatwa kuni za kukaushia tumbaku, na nyuki wamehama. Mizinga ya babu ilikaa nyuma ya nyumba hadi masika moja kuni zilipokosekana, mama akaipasua. Iliwaka vizuri sana. Nyumba nzima ilinukia nta, tukakaa tumezunguka ugali mpaka ukapoa.