Retraite ya Mwalimu Kavira

Aibu hii ni yangu, nakubali. Ku masomo ya kikatolika hapa Butembo, fasi nafundishaka, balimu banaondokaka moja moja, na Masœur directrice, mukubwa wa masomo, hapana kuelezea mutu. Donc aliposema Mwalimu Kavira, mama wa miaka makumi tatu, iko mu retraite, nikawaza: ni ile ya kuacha kazi, banamupeleka ku pension!

Mu mukutano ya bazazi nikasimama, karatasi mu mukono: «Masœur, mutuambie ukweli! Kavira hayazeeka!» Bakapiga makofi.

Kavira mwenyewe akaingia, rozari mu shingo. Kumbe ilikuwa retraite ya sala, siku tatu.

«Asante kwa kunitetea, mwalimu,» akaniambia.

«Na hiyo karatasi?» Masœur akauliza, akanyosha mukono, akaikamata, akasoma kwa sauti: barua yangu ya kuombea bibi yangu, mama ya batoto yangu, nafasi ya Kavira.