Chembe Isiyochulika

Kitindamimba wangu alikuwa anabeba robota la mitumba mgongoni kama mtu anayebeba mtoto. Hiyo ilikuwa baada ya ruksa ya serikali kutoka, kila mtu auze anachoweza. Kahawa ilikuwa imeanguka bei, sisi huku mlimani tukaing'oa tukapanda nyanya, na yeye akateremka mjini. Akajijengea vyumba viwili mtaa wa Sombetini, akawa anauza suruali za Wazungu sokoni Kwa Mrombo. Nilimtambia kila mahali, kanisani, kisimani. Kwake nilitaka kitu kimoja tu, anizike pale nilipojichagulia migombani. Wakubwa zake nilishawazika mimi.

Alipofikisha arobaini robota likamshinda. Akawa anahema hata akifunga kamba za viatu, miguu ikavimba. Nikashuka, nikampeleka hospitali mwenyewe.

Daktari alikuwa msichana. Alinipa shikamoo vizuri, akasema, “Bibi, moyo wa mwanao umechoka kama wa mtu wa umri wako.”

“Umri wangu upi? Jana nimeshusha mkungu wa ndizi kutoka kule juu. Huo wa kwake usinisingizie.”

Akatabasamu, halafu akaeleza. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, zinajigawa, na ndani yake mna nyuzi ambazo ncha zake hufupika kila chembe inapojigawa. Wataalamu wanaona kwamba wenye ncha fupi kuliko za wenzao wa umri wao ndio wengi wanaougua moyo. Sigara na shida huenda vinazifupisha upesi. Kipimo chake hapa hatuna, akasema, lakini sitashangaa chembe za huyu zikiwa zimezeeka kukupita wewe.

Mimi nilishika neno moja, chembe. Na chembe cha moyo nakijua, ni pale chini ya mfupa wa kifua, ukipigwa hapo unakata pumzi. Nikamchukua mwanangu hadi kwangu, nikayeyusha mafuta ya kondoo, nikawa namchua hapo asubuhi na jioni. Vidonge nilimpa, ila imani yangu ilikuwa kwenye vidole. Yeye alilala tu, anaangalia bati.

Binti yake, aliyekuwa sekondari, akaja kumwona baba akanikuta kazini.

“Bibi, unafanya nini?”

“Namlainishia chembe. Daktari kasema imezeeka.”

Akaangua kicheko. Baba yake naye akacheka mpaka akakohoa.

“Siyo hiyo, bibi. Hizo chembe hazishikiki. Ziko mwili mzima, mpaka miguuni.”

“Basi nitachua mwili mzima. Nani kakwambia nina kazi nyingine?”

Nikahamia miguuni. Nilibonyeza kwa kidole gumba, pakabaki shimo. Nikangoja lijae, kama nyama ya mtu inavyorudi ukiiachia. Halikujaa. Binti akaliangalia, akatoka nje.

Hapo ndipo mwanangu aliposema.

“Mama, ile sehemu uliyojichagulia migombani.”

“Ina nini?”

“Naomba unipishe.”

Nilitaka kumtukana. Nikamfunika miguu, nikajifuta mafuta kwa kanga.

“Pale ni pafupi kwako,” nikamwambia, “wewe ni mrefu. Nitawaambia wang'oe mgomba mmoja.”