Lusitania ni Nini?

Mwaka jana niliitwa Kitale kuwa mwamuzi wa mashindano ya chemsha bongo ya shule za upili. Nilikuwa nimefundisha historia Bungoma kwa miaka kumi na minane, kwa hiyo sikuona la kuogopa.

Zilibaki shule mbili zikiwa sare. Nikasoma swali la mwisho: Lusitania ni nini? Msichana kutoka shule ya mji wa Kwanza akasimama, akajibu kwamba ni jimbo la dola ya Kirumi. Karatasi yangu ilisema ni meli ya abiria ya Waingereza iliyozamishwa na Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nikasema amekosea. Hakubisha. Alinitazama kidogo, akaketi. Shule ya pili ikajibu kuwa ni meli, ikachukua kombe.

Yale macho hayakunitoka. Nikirudi nyumbani, kabla sijafika Kimilili, nilifungua simu nikatafuta. Kumbe ni kweli Warumi walikuwa na jimbo la Lusitania, mahali palipo Ureno leo na kipande cha Uhispania, na meli yenyewe ilipewa jina hilo. Nikampigia mwamuzi mwenzangu. Akaniambia niachane nayo, kombe lishaenda, na nikijitangaza hakuna atakayeniita tena.

Wiki nzima sikutulia. Kila nilipomkosoa mwanafunzi daftarini, nilirudi kusoma jibu lake mara mbili. Niliogopa kuchekwa na walimu wenzangu, lakini zaidi niliogopa yule mtoto anawaza nini.

Ijumaa asubuhi nikaenda Kwanza. Mwalimu mkuu alimwita yule msichana ofisini, akaja ameficha mikono nyuma kama mtu aliyeshtakiwa. Nikamwambia kwamba alijibu sawa, mimi ndiye niliyekosea.

"Nilikuwa nimeisoma, Madam," akasema polepole. "Lakini uliposema ni makosa, nikaambia wenzangu ati nilibuni tu."

Nikaomba nafasi kwenye paredi, nikarudia mbele ya shule nzima kwamba alijibu sawa, mimi ndiye niliyekosea. Waandaaji niliwaandikia pia. Wakajibu kwamba matokeo hayabadiliki. Na kweli, sijaitwa tena.

Msichana hakunishukuru, wala sikutarajia. Nilipokuwa naondoka alinifuata hadi langoni, akaniuliza kama najua mji mkuu wa jimbo hilo uliitwaje. Sikujua.

"Emerita Augusta," akasema, akasubiri niandike.